Sabufa Imenyamaza, Inavuma au Inakwaruza: Ikague Hivi Kabla ya Kumwita Fundi

Mara nyingi sabufa inayobebwa hadi kwa fundi haijaungua. Kilichoharibika ni waya wa AV uliopindwa nyuma ya meza ya TV, fyuzi iliyomo ndani ya plagi, au mpangilio wa sauti uliobadilishwa kwenye menyu bila mtu kujua. Kosa la namna hiyo unaweza kulipata mwenyewe ukitulia na kukagua kwa mpangilio.

Ili sauti ikufikie, inapita sehemu nne: chanzo (TV, king'amuzi, simu, flashi), waya, amplifaya iliyomo ndani ya boksi la sabufa, na mwisho spika. Kazi yako ni kujua imekwama wapi. Kuna kanuni moja ninayoisisitiza kuliko zote: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na ukibadilishe kwa kingine unachojua kuwa ni kizima. Ukichomoa nyaya tatu, ukabonyeza rimoti na kuhamisha soketi kwa mkupuo mmoja, sauti inaweza kurudi, lakini hutajua ilikuwa nini, na wiki ijayo utaanza upya.

Kabla hujagusa kitu

Zima soketi ukutani na uchomoe plagi kila unapotaka kuhamisha nyaya za nyuma. Nyaya za spika zinapogusana wakati sabufa inapiga, amplifaya inaweza kufa papo hapo.

Hatua zote zilizomo humu hufanyika nje ya boksi. Usilifungue kama huna ujuzi. Sabufa nyingi za siku hizi hazina tena ile transfoma nzito. Zina pawa saplai nyepesi inayougeuza umeme wa 230 V kuwa takriban 325 V za mkondo mnyoofu na kuuhifadhi kwenye kapasita. Kapasita hiyo inaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa, na chaji hiyo inaua.

Haiwaki kabisa

Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Ikichaji, soketi ni nzima. Halafu chomeka sabufa moja kwa moja ukutani, bila ekstensheni. Ekstensheni za bei rahisi hulegea ndani, na ukisikia cheche zikilia kila plagi inapotikiswa, hiyo ya kwako imekwisha muda wake.

Kama plagi ni ya pini tatu, ina fyuzi ndani. Fyuzi ya kahawia ni ya 13 A, na nyekundu ni ya 3 A. Kwa sabufa ya sebuleni 3 A inatosha, tena ndiyo inayoulinda waya mwembamba wa sabufa, kwa sababu fyuzi ya 13 A inaweza kuuacha waya huo upate moto bila yenyewe kukatika. Kama plagi ni ya pini mbili, tumia adapta ya dukani. Ile desturi ya kusukuma peni au kijiti kwenye tundu la juu ili pini mbili ziingie naichukia kwa dhati: pini hazikazi, zinapiga cheche, na soketi inayeyuka polepole.

Sabufa nyingine zina fyuzi ya pili nyuma ya boksi, karibu na mahali waya wa umeme unapoingilia. Ukiitoa utaona maandishi kama T2AL250V. T maana yake ni fyuzi inayovumilia msukumo wa umeme wa mara moja wakati wa kuwasha, na 2A ni kiwango chake. Nunua ya maandishi yaleyale. Fyuzi mpya ikikatika mara tu unapowasha, acha hapo hapo, kwani ndani kuna shoti na hata ukiweka nyingine kumi zitakatika. Usiifunge kwa karatasi ya fedha ya sigara wala kwa unyuzi wa waya. Nyumba huungua hivyo.

Kuna pia sabufa inayowaka vizuri lakini inajizima besi ikipiga kwa nguvu, hasa jioni. Angalia taa ya chumbani. Kama inafifia kwa kufuata mdundo wa besi, umeme unaofika ni hafifu au kuna maungio yaliyolegea kati ya mita na soketi. Hapo wa kuitwa ni fundi umeme wa nyumba.

Taa inawaka, sauti hakuna

Bonyeza kitufe cha chanzo kwenye rimoti au kwenye paneli, upite AUX, Bluetooth, USB na FM, huku volyumu ikiwa katikati. Umeme ukikatika na kurudi, sabufa nyingi huanza upya kwenye chanzo tofauti na kile ulichokiacha. Hakikisha pia kitufe cha kunyamazisha sauti hakijabonyezwa na hakuna hedifoni iliyochomekwa popote.

Kisha iache TV kando kabisa. Chukua simu, iunganishe kwa Bluetooth au kwa waya wa AUX, upige wimbo wowote. Ukisikia muziki, sabufa na spika zake ni nzima, na tatizo limebaki kwenye TV, king'amuzi au waya unaowaunganisha. Kipimo hiki cha dakika moja kinaokoa pesa nyingi kuliko kingine chochote ninachokijua.

Waya wa AV wenye vichwa vyekundu na vyeupe una ugonjwa wake unaojulikana. Hukatika ndani, pale pale kichwa kinapokutana na waya, na kwa nje hapaonekani. Ukiwa umepunguza volyumu, pinda kidogo sehemu hiyo uone kama sauti inakuja na kupotea. Ukiwa pwani, iwe Tanga, Mombasa au Unguja, chungulia vichwa vyenyewe, kwani hewa ya chumvi huacha kutu ya kijani inayozuia sauti. Isugue kwa kitambaa chenye spiriti, uache ikauke, kisha chomeka na kuchomoa mara kadhaa. Hakikisha pia waya umeingia kwenye tundu lililoandikwa OUT kwenye TV na IN kwenye sabufa. TV nyingi zina matundu ya rangi zilezile yanayopokea tu, na huwezi kupata sauti humo kamwe.

TV za kisasa na HDMI

Waya wa HDMI kati ya TV na sabufa au saundiba hufanya kazi kwenye tundu moja tu la TV, lililoandikwa ARC au eARC, yaani tundu linaloweza kurudisha sauti kutoka TV kwenda kwenye sabufa. ARC iliingia na toleo la HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo TV ya kabla ya hapo usiihangaikie. Ingia kwenye menyu ya TV na uwashe CEC (inayoviwezesha vifaa vya HDMI kuamrishana), ambayo kila kampuni huipa jina lake, kisha chagua spika za nje.

Ukisikia matangazo ya king'amuzi lakini filamu za intaneti zinapita kimya, au kinyume chake, tafuta kwenye menyu palipoandikwa Digital Audio Output na uchague PCM. TV ilikuwa inatuma sauti ya Dolby ambayo sabufa yako haiwezi kuifasiri. PCM ni sauti ya kawaida ya stereo ambayo kila kifaa cha kidijitali huielewa.

Waya wa optiko nao una hila ndogo: vichwa vyake huja na vifuniko vya plastiki angavu visivyoonekana vizuri. Vitoe. TV ikiwa imewashwa, utaona mwanga mwekundu kwenye ncha ya pili ya waya. Mwanga usipoonekana, waya umevunjika ndani au TV haijaamriwa kutoa sauti huko. Waya huu ukikunjwa kwa pembe kali haurekebishiki.

Upande mmoja umekufa

Hapa ndipo kanuni ya kubadilisha kitu kimoja inapolipa, kwa hiyo fuata pole pole.

Zima kila kitu. Nyuma ya sabufa, hamisha nyaya za spika mbili ndogo: ya kushoto iende kulia, ya kulia iende kushoto. Usiguse kingine. Washa. Kama spika iliyokuwa bubu bado ni bubu ingawa imehamia upande mzima, ubovu uko kwenye spika hiyo au waya wake. Kama sasa imeanza kulia na mwenzake ndiye amenyamaza, spika zote mbili ni nzima, na ubovu uko nyuma yake, kwenye amplifaya au kwenye sauti inayoingia.

Ikiwa ni jibu la pili, zima tena na ubadilishane vichwa vya AV pale vinapoingia kwenye sabufa, chekundu kwenye tundu jeupe na cheupe kwenye jekundu. Ukimya ukihama upande, mkosaji ni waya wa AV au TV. Ukimya ukibaki palepale, ni amplifaya, na hapo umefika mwisho wa kazi yako. Una jibu kamili la kumpa fundi.

Ikiwa ni spika, ipime kwa betri. Chukua betri ya rimoti ya 1.5 V, chomoa spika kwenye sabufa, uguse ncha zake mbili za waya kwenye betri kwa nukta moja tu. Spika nzima hutoa mlio mfupi na koni yake hujongea. Usiibane betri hapo, gusa na uondoe. Isipolia, kata waya karibu na spika na upime tena hapo, kwa maana panya na miguu ya viti hukata nyaya mara nyingi kuliko koili (waya uliozungushwa ndani ya spika) zinavyoungua. Mwenye multimita apime omu: spika iliyoandikwa omu 8 huonyesha kama 6 au 7, na ya omu 4 huonyesha zaidi kidogo ya 3. Usishtuke kuona namba ndogo kuliko iliyoandikwa, ndivyo inavyotakiwa. Isiposoma chochote, koili imekatika.

Betri hiyo hiyo inakuonyesha jambo jingine. Ukiweka chanya ya betri kwenye chanya ya spika, koni hutoka nje. Kama spika moja inatoka na nyingine inaingia, kuna waya uliogeuzwa. Muziki wa nyumba hiyo huwa mwembamba, besi haisikiki ukikaa katikati, na mwimbaji hajulikani amesimama wapi. Geuza nyaya za spika moja, utaona tofauti siku hiyohiyo.

Mvumo usiokatika

Ule mlio wa "mmmm" chini ya muziki ndio unaowachosha watu zaidi, na ndio unaowafanya watupe sabufa nzima. Una vyanzo vikubwa viwili, na kuvitofautisha ni rahisi.

Chomoa nyaya zote zinazoingiza sauti, uiache sabufa na umeme na spika zake tu, kwenye chanzo cha AUX. Sikiliza. Mvumo ukiendelea, na ukapandisha na kushusha volyumu bila wenyewe kubadilika, ni kapasita za kuchuja umeme zilizokauka ndani ya pawa saplai. Umeme wetu ni wa hezi 50, na baada ya kupitia dayodi mvumo huo hutoka kwa hezi 100. Hiyo ni kazi ya fundi, na kwa kawaida si kubwa: kapasita iliyovimba kichwani huonekana kwa macho, na mpya inatakiwa iwe na mikrofaradi zilezile na volti zilezile au zaidi, kamwe zisiwe pungufu.

Mvumo ukikoma ulipochomoa nyaya, basi unaingia kutoka nje. Rudisha waya mmoja mmoja hadi urudi. Ukirudi ulipounganisha TV, zima king'amuzi, kisha fungua waya wa dishi nyuma yake. Kukizima kwanza ni lazima, kwa sababu waya ule hubeba volti 13 au 18 kwenda kwenye LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Kama mvumo umetoweka pamoja na waya wa dishi, umekipata chanzo. TV na ving'amuzi vingi vya pini mbili huvujisha umeme kidogo sana kupitia vichujio vyake, ule unaokutekenya ukigusa chuma cha nyuma. Dishi lako limefungwa kwenye bomba lililochimbiwa ardhini au kwenye bati. Umeme ule mdogo unatafuta njia ya kwenda ardhini, na njia unayoipata inapita kwenye waya wako wa AV, ukibeba mvumo wa hezi 50.

Anza kwa kuvichomeka vyote, TV, king'amuzi na sabufa, kwenye ekstensheni moja nzuri. Mara nyingi hapo panatosha. Usipotoweka, na TV ina tundu la optiko, tumia huo, maana hubeba mwanga na hauna chuma cha kupitisha mvumo. Kama sabufa haina optiko, kuna kifaa kidogo chenye vitransfoma viwili ndani, kinauzwa kwenye maduka ya redio za magari kama kichuja mvumo, nacho huwekwa katikati ya waya wa AV. Jambo la kukataa kabisa ni kukata pini ya ethi kwenye plagi. Ni kweli mvumo hukoma, lakini siku shoti itakapotokea ndani, boksi la chuma litakuwa na umeme wote na wa kwanza kuligusa anaweza kuwa mtoto.

Kuna na ule mlio wa "dididi-dididi" unaokuja ghafla na kukatika. Huo ni simu iliyowekwa juu ya sabufa ikiwasiliana na mnara. Isogeze.

Inakwaruza, au sauti imepasuka

Ikikwaruza pale tu unapozungusha volyumu, vumbi limeingia kwenye kizungushio. Chomoa umeme na ukizungushe kutoka mwisho hadi mwisho mara nyingi. Kisiposikia, kinahitaji dawa ya kusafishia maungio ya umeme. Mafuta ya kulainishia bawaba za mlango hayafai, yanavuta vumbi zaidi.

Ikikwaruza kwa kufuata muziki hata kwa sauti ya chini, toa wavu wa spika na utazame mpira unaozunguka koni. Wa sponji huoza kwa miaka na kuanza kupukutika, wakati wa raba hudumu zaidi. Sukuma koni taratibu kwa vidole vilivyotanuliwa, sawa kila upande. Ukihisi inasugua ndani, koili imeungua au imehama. Mpira na koili vyote hubadilishwa, na kwa spika nzuri ya zamani ninashauri ufanye hivyo kuliko kununua mpya nyepesi.

Ikipasuka kwa sauti ya juu tu, mara nyingi hakuna kilichoharibika bado. Amplifaya imefika kikomo na wewe unaisukuma. Usidanganywe na maelfu ya wati za PMPO zilizoandikwa kwenye boksi, kwa kuwa kipimo hicho hakina kanuni yoyote. Tafuta wati za RMS, yaani nguvu halisi inayoendelea. Sabufa nyingi ndogo zimejengwa kwa chipu kama TDA2030, ambayo kwa spika ya omu 4 hutoa wati 14 hivi safi. Ukizidisha, mawimbi hukatwa vichwa na twita, ile spika ndogo ya sauti kali, ndiyo huungua kwanza. Shusha besi na sauti kali (treble) kwenye rimoti, kisha shusha volyumu ya simu hadi robo tatu na upandishe ya sabufa.

Bluetooth, flashi na FM

Bluetooth ikikataa kuungana, tazama kwanza kama simu ya mtu mwingine nyumbani imeshajiunga yenyewe. Zima Bluetooth yake, futa jina la sabufa kwenye simu yako na uoanishe upya. Ikikatikakatika, sogea karibu: umbali wake wa kawaida ni mita 10 bila ukuta, na hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi na jiko la maikrowevu. Midomo isipoendana na maneno kwenye filamu, huo si ubovu. Bluetooth huchelewesha sauti, na dawa yake ni kutumia waya.

Flashi isiposomwa, ifomati kwa FAT32 baada ya kuhamisha nyimbo zako pengine, na utumie ya GB 32 au chini. Nyimbo ziwe MP3.

FM ikiwa na mikwaruzo, nyoosha ule waya mwembamba wa antena wima ukutani. Sentimita 75 ndio urefu unaofaa, yaani robo ya wimbi la megahezi 100. Halafu zima taa za LED na uchomoe chaja za simu moja moja. Nyingine hutoa kelele inayofunika stesheni nzima.

Taa nyekundu inapepesa na inakataa kupiga

Sabufa imejikinga. Zima, chomoa spika zote, washa tena. Ikitulia, kuna nyuzi za waya zinazogusana kwenye vibanio vya nyuma, au spika moja ina shoti. Zirudishe moja moja hadi uipate. Ikiendelea kupepesa bila spika yoyote, ubovu umo ndani.

Ukiipeleka kwa fundi

Usimwambie tu kwamba imekufa. Mwambie ulichokipata: inapiga kwa simu lakini si kwa TV, ukimya ulibaki kulia hata nilipogeuza vichwa vya AV, mvumo haubadiliki na volyumu. Peleka na spika zake, rimoti na nyaya, kwa kuwa fundi akipima kwa spika zake mwenyewe anaweza kuiona nzima. Kubalianeni bei kabla hajaifungua, na umwombe akurudishie kipuri kilichotolewa. Akisema transfoma na chipu vyote vimeungua kwenye sabufa ndogo ya plastiki, linganisha gharama na sabufa mpya. Kama ni kapasita, fyuzi, maungio yaliyoachia risasi au kizungushio cha volyumu, itengenezwe.